Mikono Juu Katika Mpunga wa Bibi Justa

Padri alimbatiza kwa jina la Hermenegildi, lakini Lipangalala nzima, na Mlabani, hadi kivukoni, watu walimwita Mjapani. Jina hilo alirudi nalo kutoka vitani Burma, pamoja na koti la jeshi lililotoboka kwapani. Hakulitafuta. Ila alipoona kwamba linauzika, hakulikataa, maana mtu mwenye akili hatupi bidhaa eti kwa sababu ameiokota.

Na liliuzika kweli. Wenzake waliorudi pamoja naye walisimulia mvua, tope, ruba na mbu. Sasa nani katika bonde hili la Kilombero atakununulia kata ya pombe ili umweleze tope? Hermenegildi aliliona hilo mapema, akaacha tope akachukua Wajapani. Alisema alikaa nao, alikula nao wali, na lugha yao anaijua kama anavyojua Kipogoro. Akiombwa aiseme, alipanda juu ya dungu la kuamia ndege, akavuta pumzi, akapiga kelele: "Tomare! Hayaku! Te o agero!" Kwelea waliruka shamba zima. Wanawake walipouliza maana yake, aliwapa maana iliyofaa siku hiyo: leo ni karibuni chakula, kesho ni habari za nyumbani.

Ukweli wake ulikuwa mfupi. Kule Burma alibeba magunia ya mchele wa jeshi, na kwa siku chache alilinda ua wa mianzi uliokuwa na mateka wa Kijapani. Sajini aliwafundisha maneno ya kukamatia watu jioni moja, wakiwa wamechuchumaa kando ya mto: simama, haraka, mikono juu. Hayo tu. Kijapani chote alichokuwa nacho kingeweza kuingia katika kiganja cha mtoto, na chote kilikuwa cha kupigia kelele.

Lakini jina lilimjengea nyumba. Wakati wa mavuno watu walimtuma yeye akauze mpunga wao madukani, wakisema mtu aliyesimama na Mjapani uso kwa uso hawezi kutetemeshwa na mwenye duka mwenye kalamu sikioni. Akifika dukani, kazi aliijua mwenyewe bila msaada wa vita: kuuacha mzigo mlangoni bila kuutazama, kupiga miayo, kuuliza habari za watoto, kuaga kabla bei haijatajwa mara ya pili. Alipata bei ambayo wengine hawakuipata. Jina ndilo lililomfungulia mlango, na alijua kwamba likianguka, mwakani watatafuta mtu mwingine wa kuwauzia, naye atarudi kuwa Hermenegildi mwenye koti lililotoboka.

Basi mwaka wa hamsini na saba, mpunga ukiwa umeiva na ndege wamekuwa wengi kuliko watu, Bwana Shamba alifika Ifakara na landrova, na ndani yake alikuwamo Mjapani wa kweli. Aliitwa Bwana Okabe. Alikuwa mtaalamu wa mpunga, ameletwa kulitazama bonde na kuwaonyesha wakulima namna ya kwao. Bwana Shamba alikuwa Mwingereza mwenye Kiswahili cha safari, kinachoeleweka lakini kinachokwenda kwa magoti. Yeye na Bwana Okabe walizungumza Kiingereza polepole, huyu akitafuta neno, yule akisubiri. Tatizo ni kwamba Bwana Shamba alitakiwa Mahenge, na mgeni alitakiwa kubaki Lipangalala. Akauliza kama kuna mtu yeyote anayeweza kuelewana naye. Watu hawakungoja amalize.

Hermenegildi angeweza kukataa. Njiani kwenda kuitikia wito alipiga hesabu zake kama anavyopiga hesabu za gunia. Akikataa, jina linakufa leo. Akikubali, linapata muhuri wa serikali. Mgeni atakaa siku chache, kilimo ni kazi ya mikono, na mikono haihitaji mkalimani. Akaona faida. Tena akadai na nyongeza: apewe buti, na siku ya kwanza akalishwe kiti cha mbele katika landrova toka Mlabani mpaka Lipangalala, vioo vikiwa wazi. Akapewa vyote.

Walipokutanishwa, Bwana Okabe aliinama kidogo akasema maneno marefu kwa sauti ya chini. Hermenegildi hakuwahi kusikia Kijapani kikisemwa kwa upole. Alidhani lugha ile haina sauti hiyo. Akajibu "hai", neno alilolisikia kwa mateka, wao walilitoa kila walipoamrishwa. Bwana Okabe alimtazama kitambo, kichwa kikiwa upande, kisha akatabasamu kama mgeni anayepewa chakula asichokijua. Bwana Shamba akaridhika, akaondoka.

Siku mbili tatu mambo yalikwenda. Bwana Okabe hakuwa mtu wa maneno. Alikunja suruali, akaingia topeni mpaka magotini, akang'oa mashina machache, akayapanda upya kwa mfano, akapima kwa kamba, na watu wakampenda kwa sababu hakuogopa uchafu. Akisema jambo, Hermenegildi aliwageukia wakulima akawapa lile ambalo yeye mwenyewe angelisema: msimu ujao msiache maji yakauke, msipande kwa kubanana. Kwa kuwa naye ni mkulima, ushauri ulikuwa mzuri, na hakuna aliyelalamika.

Shamba lililotumika lilikuwa la Bibi Justa, mjane mzee aliyeishi na mkwewe Kandida. Yeye alivuna kama mama yake alivyovuna: kijisu kidogo kimefichwa kiganjani, anakata suke moja moja, anajaza kikapu, na mabua anayaacha yamesimama. Siku ile Bwana Okabe alifungua kitambaa akatoa mundu wa kwao, mwembamba, wenye meno kama msumeno. Akashika fungu la mabua kwa mkono wa kushoto, akapitisha mundu chini, fungu zima likalala. Watu wakaguna. Akampa Bibi Justa mundu. Alipokuwa akimpa alisema jambo, haraka, akalirudia, huku akiugusa mkono wa bibi wa kushoto na kuusogeza juu kidogo.

"Anasemaje?" Bibi Justa akauliza.

Mtu yeyote aliyekuwa na macho angeona kwamba yule bwana anaonya. Hermenegildi aliona, lakini onyo lenyewe hakulijua, na watu walikuwa wakisubiri. Akatoa lile analolisema mtu akishika panga la kufyekea. Akasema, "Anasema vuta kwa nguvu, bibi, usiogope."

Bibi Justa alivuta kwa nguvu. Mundu ulipita kwenye mabua kama hayakuwepo, ukaingia kwenye mkono ulioyashika.

Hakupiga kelele. Aliketi chini katika mabua, akautazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine, na damu ikatiririka juu ya masuke. Kandida alichana kanga. Bwana Okabe alikuwa tayari amepiga magoti, anachana taulo lake la shingoni, anasema maneno yale ya chini chini, anafunga, anafungua, anafunga tena vizuri. Alipomaliza, Bibi Justa alivuta pumzi akamtazama Hermenegildi.

"Mwambie," akasema. "Mwambie kaniumiza."

Hakusema kwa hasira. Kwao ndivyo walivyolelewa. Mtu akikumwagia damu, hata kama ni ndugu yako na shoka limeteleza, unamwambia usoni siku hiyo hiyo kabla jua halijazama: umeniumiza. Naye anajibu pole, baadaye analeta kuku, na neno limefungwa. Lisiposemwa, linaingia nyumbani na mwenye jeraha, linalala naye, linaota. Kwa hiyo bibi hakuwa akigombana na mgeni. Alikuwa akimfungulia mlango wa kutokea.

Wote wakamgeukia Hermenegildi. Mtani wake, Fulgensi, Mngoni aliyeolea Lipangalala, alikuwa ameegemea dungu, mikono kifuani. "Haya, Mjapani," akasema. "Lugha umeila miaka yote hii. Leo itapike."

Hermenegildi alitafuta. Alijua kwamba neno la kuumia lazima lipo, maana hakuna watu wasioumia. Tena pengine aliwahi kulisikia, nyuma ya ule ua wa mianzi, kwa yule kijana aliyelala juu ya machela akirudia jambo moja tangu asubuhi. Wakati ule hakuuliza. Sajini naye hakuwafundisha, kwa kuwa mkamataji halihitaji. Sasa alisimama katika mpunga wa watu, amevaa buti za serikali, na kinywani mwake mlikuwa na yale maneno matatu ya kukamatia. Angeweza kusema sijui. Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno. Akamwona Fulgensi anatabasamu, akalimeza.

Akavuta pumzi, akatoa ile sauti yake ya juu ya dungu.

"Te o agero!"

Kipande cha taulo kilichobaki kilimdondoka Bwana Okabe. Alisimama, na mikono yake ikapanda juu, viwiko nje, vidole vimetanuka, macho chini kwenye tope. Hakuipandisha kama mtu anayeambiwa jambo hilo mara ya kwanza. Hermenegildi alikuwa ameiona mikono ya namna ile, na anajua kwamba mwili ukishafundishwa hivyo hauulizi tena anayeamrisha ni nani. Uso wa yule bwana ulikuwa umekauka wote. Hapo ndipo Hermenegildi alipojua mgeni wao alikuwa wapi wakati wa vita, na kwamba kuna mtu kama yeye aliyesimama mbele yake na bunduki, akimpigia kelele hiyo hiyo.

Kisha Bibi Justa akauliza, kwa heshima kabisa, "Ndivyo wanavyotoa pole kwao?"

Pale palikuwa na nafasi nyingine. Hermenegildi aliiona ikipita.

"Ndivyo, bibi," akasema.

Bibi Justa hakuwa mtu wa kuacha pole ya mgeni ikaning'inia hewani. Akainua mkono wake uliofungwa taulo, akainua na ule mwingine. Kandida akainua. Watu wote shambani wakainua mikono, wanaume na wanawake, wengi bado wakiwa na visu vyao vya kuvunia, wakatabasamu kumzunguka yule mtu mmoja aliyekuwa akitazama tope. Fulgensi aliinua mikono na mguu mmoja, akasema yeye anampa pole ya nyongeza. Wakacheka. Bwana Okabe alikisikia kicheko. Mikono yake haikushuka.

Haikushuka kwa sababu hakuna aliyemwambia aishushe, na neno la kushusha Hermenegildi hakuwa nalo. Vitani hawakulihitaji. Ilimbidi asogee mpaka alipo, amshike vifundo vya mikono, aishushe yeye mwenyewe, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayeanua nguo. Vifundo vilikuwa vya baridi, na jua lilikuwa kali.

Bibi Justa alipelekwa kwa masista akashonwa, na wala hakuwa na kinyongo. Alisema Wajapani wana pole nzuri, inaonekana kwa mbali. Ndani ya siku chache jambo likawa mchezo wa mji. Mtu akimkanyaga mwenzake akitoka kanisani, mikono juu. Mwanamke akimmwagia mwenzake maji kisimani, mikono juu. Kivukoni watu wazima walifanya hivyo, wakicheka mpaka mizigo inadondoka. Kila mkono uliopanda ulimpita Hermenegildi kama fimbo iliyokosa kichwa, na kila aliyeinua alimwita kwanza: Mjapani, tazama, tumejifunza.

Alijaribu kulipigia hesabu. Bibi amepata pole. Watu wamepata kicheko. Bwana Shamba atarudi akute kazi imefanyika. Mgeni ataondoka, na kwao ni mbali. Biashara imefungwa, kila mtu ameondoka na chake, kwa nini muuzaji asilale?

Lakini kila asubuhi alipofika kwenye nyumba ya wageni ya serikali kumchukua, Bwana Okabe alikuwa barazani anakunywa chai, na kila akimwona aliweka kikombe chini na kusimama. Alisimama wima, mikono pembeni, macho chini, akasema "hai". Chai ilipoa. Mtu mzima, mwenye mvi pembeni mwa masikio, umri wa kaka yake mkubwa, alisimama mbele yake kila siku kama mateka anayehesabiwa. Hermenegildi alivua zile buti, akaja peku. Bwana Okabe akasimama. Alijaribu kuja kwa upande wa nyuma, akikohoa mapema. Akasimama. Siku moja aliketi chini kabisa, mchangani, chini ya ngazi, ili yule naye aketi. Bwana Okabe alisimama juu yake, wima, mpaka Hermenegildi akaona aibu ya kuketi, akainuka.

Nyumbani mkewe, Emerensiana, alimwuliza kama chakula kina chumvi nyingi. Akasema hapana. Hakula.

Siku aliyosikia kwamba Bwana Shamba yuko njiani kurudi, alikwenda kwa Bibi Justa. Akamkuta uani anapepeta kwa mkono mmoja, ungo umeegemezwa gotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeshuka hivyo? Mpunga wako umeliwa na nguruwe?"

Alichuchumaa, akamweleza. Alianza mbali, kama afanyavyo dukani, akaona haifai, akakatisha. Alisema Kijapani hajui. Alisema lile neno alilolipiga shambani si pole, ni la kumkamata mtu, na yule bwana aliinua mikono kwa hofu. Kisha, kwa kuwa sasa gunia lilikuwa limekwisha kufunguka, akatoa na lililokuwa chini kabisa: mgeni hakusema vuta kwa nguvu. Yeye ndiye aliyesema.

Bibi Justa aliendelea kupepeta kitambo kirefu.

"Kwamba hujui lugha nilijua," akasema hatimaye. "Siku ya kwanza hukumsalimia. Mtu anayejua lugha ya watu huanza na salamu. Mimi Kingoni sikijui, lakini Fulgensi akipita namwamkia kwa lugha ya kwao. Wewe ulisema hai, hai, kama unaswaga mbuzi. Nikasema moyoni, huyu hana kitu. Nikakuacha, kwa kuwa mpunga wetu unauuza vizuri." Akaweka ungo chini. "Lakini la mikono sikulijua. Lile nililipokea. Mtu anaogopa kufa katika shamba langu, nami namwinulia mikono na kumchekea. Umenifanya mimi mtu wa namna gani, Hermenegildi?"

Tangu arudi vitani hakuwahi kumsikia akimwita kwa jina hilo.

"Basi aliyeniumiza ni wewe," bibi akasema. "Nakwambia usoni. Umeniumiza."

"Pole, bibi."

"Na kuku?"

"Nitamleta."

"Usimlete kwangu. Mpeleke kule kwa mwenye deni kubwa. Nami nitakwenda, nikuone unavyosema. Ukimeza tena, nitasema mimi."

Alichukua jogoo wake mwekundu, yule ambaye Emerensiana alikuwa amemwekea Krismasi, akamfunga miguu. Jioni mapema, jua bado likiwako, walipita njia kuu ya Lipangalala, bibi mbele na mkono wake uliofungwa, yeye nyuma na jogoo kwapani na zile buti mkononi. Mtu hawezi kupita hivyo bila kuulizwa. Fulgensi aliwafuata akitaka kujua kama jogoo anakwenda kubatizwa, na ni nani msimamizi wake. Bibi Justa akamwambia afuate tu, ataona. Kwa hiyo walifika na msafara, Kandida akiwamo.

Bwana Shamba alikuwa amesharudi, ameketi barazani na Bwana Okabe. Bwana Okabe aliona watu, akaona mkono wa bibi, akaona nani anakuja nyuma yake. Akaweka kikombe chini. Akasimama.

Hermenegildi aliamkia, akasema na Bwana Shamba. "Bwana, nakuomba umwambie maneno yangu. Mwambie nimemuumiza."

Bwana Shamba alishangaa. "Mwambie wewe. Wewe si mkalimani wake?"

"Sijui Kijapani, bwana. Najua kukamata tu."

Nyuma yake kikatoka kicheko kimoja, kikakatika. Hakugeuka. Alijua kila mtu aliyesimama pale, na mpunga wa kila mmoja aliwahi kuuuza. Masikio yalimwaka moto.

Bwana Shamba alimtazama, akatazama buti alizoshika mkononi kuzirudisha, kisha akamgeukia mgeni, akasema kwa Kiingereza. Katika maneno yale Hermenegildi alishika moja, alilikumbuka kutoka jeshini. Ndilo ambalo daktari Mwingereza alimwuliza kila aliyeletwa kwa machela: hurt. Neno fupi, kama mtu amekohoa. Likatoka kwa Bwana Shamba, likaanguka mbele ya Bwana Okabe, na Bwana Okabe hakujua alichukue kwa upande gani. Akatoa kamusi yake ndogo mfukoni, akafungua akiwa bado amesimama wima, akapitisha kidole. Kidole kikashuka, kikapanda. Akauliza jambo.

"Anasema Kiingereza kina neno moja," Bwana Shamba akaeleza, "lakini katika Kijapani yako mengi. Kuumia mwili ni neno lake. Maumivu yenyewe ni lingine. Kumuumiza mtu hapa ndani, lingine. Anataka kujua lipi."

Bwana Okabe hakungoja ajibiwe. Aliuelekeza mkono wazi, taratibu, kwa bandeji ya Bibi Justa, nyusi zimepanda, na kisha akajigusa mwenyewe. Ilieleweka bila kamusi. Alidhani wamekuja kumshitaki kwa ajili ya mkono wa bibi. Na alikuwa tayari. Shingo ilikwisha kuinama.

Kama bei ingekuwa inatafutwa, ile ndiyo ilikuwa bei. Mtu alikuwa amejitolea kubeba mzigo wote, bila hata kuombwa. Ilitosha Hermenegildi atikise kichwa: ndiyo, mkono. Bwana Shamba angesema mkalimani amekosea lugha kidogo tu, mgeni angetoa pole kwa bibi, watu wangekwenda nyumbani. Katika maisha yake ya madukani hakuwahi kuona mteja akimpa nafuu kubwa namna ile.

Bibi Justa alikuwa anamtazama.

Akaugusa mkono wa bibi, akajigusa kifuani mwake mwenyewe, akasema, "Huu ni mimi." Kisha akapanda ngazi moja, jogoo kwapani, akanyoosha kidole mpaka karibu na kifua cha Bwana Okabe, bila kumgusa, akajigusa tena. "Na hapa ni mimi. Mwambie neno ni la hapa, bwana. Mwambie siku ile nilitaka kusema bibi ameumia, sikuwa na neno, nikatoa la vitani."

Bwana Shamba alitafsiri, akitafuta maneno. Bwana Okabe alisikiliza, akatazama kamusi, akaifunga kidole kikiwa ndani. Kisha akasema neno, polepole, kama mtu anayemwonyesha mwingine mahali pa kukanyaga: "Kizutsuketa."

"Kizutuketa," Hermenegildi akasema.

Bwana Okabe akalirudia. Halikuwa la kupigia kelele, ulimi ulilazimika kupita katikati yake kwa uangalifu. Hermenegildi akalisema tena, akalipata, akajigusa. Bwana Okabe hakutabasamu. Alipokea jogoo kwa mikono miwili kwa kuwa aliona anapewa kwa mikono miwili, akamshika vibaya, na Kandida akapanda kumwonyesha pa kushika.

Wakati wa kurudi walifika kwenye njia panda. Hapo Fulgensi akasimama.

"Miaka yote hii," akasema, "kata zangu zote za pombe. Kumbe nilikuwa namnywesha mkamata watu."

Hermenegildi akalipokea. Mtani ana haki yake.

"Na mwakani mpunga tutampa nani auze?" mwingine akauliza kwa nyuma, na ndilo swali alilokuwa akilingoja tangu afunge miguu ya jogoo.

Fulgensi akakuna kidevu. "Tumpe huyu huyu. Mtu aliyetudanganya sisi sote muda wote huu, uso haujatingishika, mwenye duka atamfanya nini?"

Wakacheka, wakakubaliana, wakatawanyika. Basi kazi haikumtoka. Ila sasa walimtuma kwa sababu hiyo, na kila aliposimama dukani anapiga miayo mbele ya mzigo, alijua wale walioko nje wanamsifia nini. Jina nalo hawakumwachia. Walilibadili tu, wakamwita Mikono Juu, na liko mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata mgeni alikuwa anaondoka. Hermenegildi hakuitwa, lakini alikwenda kusaidia kupakia, peku, asiye mkalimani wa mtu. Bwana Okabe alikuwa barazani na chai yake. Jogoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza, anadonoa makombo. Bwana Okabe alimwona akiingia uani. Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kikasita hewani.

Kisha kikaendelea na safari yake. Bwana Okabe akanywa, akakirudisha mezani, akajimiminia kingine. Alibaki ameketi.

Hermenegildi alisimama chini ya ngazi, mikono pembeni, akangoja amalize.